Diski Nyepesi

Mimi nikikasirika huwa nina sababu. Watu wa nyumbani walioko hapa Guangzhou, Uchina, watabisha, watasema yule mzee wa spea hugombana hata na lifti. Ni kweli nagombana nayo, kwa sababu lifti ya jengo letu ukiiita upande juu inakupeleka chini kwanza, na mimi nina magoti. Lakini kwa habari hii ya breki nilikuwa na haki ya kuwaka, na mpaka leo ninayo. Shida ni kwamba sikujua nimwakie nani, nikaanza na mtu asiyestahili.

Kazi yangu ni kununua spea za magari hapa na kuzipeleka Tanzania. Mwenye duka Kariakoo akitaka shokapu ananitumia picha, mimi naingia sokoni, napatana bei, napeleka kago, basi. Nimedumu kwenye kazi hii kuliko nilivyodumu kwenye ndoa. Nikiwekewa beringi mezani nitakwambia ya gari gani kabla hujamaliza kunisalimia. Nasema hivi si kwa kujisifu, bali ujue kwamba sikuwa mgeni wa mambo haya. Mgeni angesameheka.

Sasa, mdogo wangu wa kike. Tumezaliwa wawili tu, yeye na mimi. Ni muuguzi. Anaishi Lushoto, mlimani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mume wake, na zahanati anayofanyia kazi iko chini kabisa, Mombo. Kila asubuhi anaushuka mlima ule, kila jioni anaupanda. Aliyewahi kupita barabara ile anaijua: kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mawe, upande wa pili huoni kitu mpaka uchungulie, na ukichungulia utatamani usingechungulia. Na mdogo wangu anashuka huko na nini? Na gari la michezo!

Ndiyo, gari la michezo. Kigari chekundu cha Kijapani cha milango miwili, kimelala chini, cha zamani, cha enzi ambazo taa za mbele zilikuwa zinafunguka na kufumba. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikiagiza kwa mapenzi yake mwenyewe na kukitunza kuliko alivyojitunza yeye. Ndani ya kigari hicho ndimo alimomfundisha mke wake kuendesha. Alipofariki, ukoo mzima ulisema kiuzwe. Mimi nilisema kuliko wote. Mdogo wangu alitusikiliza mpaka tukamaliza kunywa chai yake, kisha akachukua ufunguo akaenda kazini.

Siku moja akanitumia ujumbe wa sauti. "Kaka, shikamoo. Breki zinaniacha." Akaeleza kwa utulivu wa manesi, ule wa kukwambia ndugu yako ana hali mbaya huku anafunga bandeji. Alisema kona za juu hazina tabu. Akifika katikati ya mteremko inaanza harufu ya kuungua, pedeli inakuwa ngumu, anakanyaga kwa mguu wote na gari linajivuta tu, halitaki kutii. Siku moja kabla ya hapo, mbele yake lilikuwepo lori la kabichi limesimama kwenye kona, na alisimama kwa msaada wa gia na hendibreki, pua ya gari ikiwa chini ya bodi la lori. "Kabichi moja ilidondoka juu ya boneti," akasema. "Nimeipika."

Lo! Nilipiga simu pale pale. Nilifoka. Nilimwambia auze hilo jeneza kabla halijamzika. Aliniacha nifoke, halafu akasema, "Kaka, wewe unauza spea au unauza nasaha? Mimi nimekuomba spea." Ndivyo alivyo tangu utotoni, anakuacha ujichoshe mwenyewe.

Basi nikalivalia njuga suala la breki. Mombo kuna fundi anayemtengenezea gari lile tangu enzi za shemeji, mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alinitumia picha na vipimo. Nampa haki yake, fundi ndiye aliyeona njia. Gari lile lilipotengenezwa mara ya kwanza lilipewa diski nyembamba za mbele, bapa moja tu la chuma. Kwa barabara za tambarare zinatosha. Kwa mlima zinapata moto, moto unahamia kwenye pedi, pedi zinateleza, na mafuta ya breki yakichemka ndani ya hozi ndiyo kwaheri, unakanyaga mvuke. Toleo lililofuata la gari hilohilo, lenye injini ya nguvu zaidi, lilipewa diski nene, mabapa mawili yaliyoshikana kwa mapezi katikati ili hewa ipite, na kalipa, ile taya inayobana pedi kwenye diski, ya pistoni mbili badala ya moja. Fundi akasema, "Kaka mkubwa, zile zinafunga hapahapa, kwenye matundu yaleyale. Tukipata hizo, na pedi nzuri, na hozi mpya, tukabadilisha mafuta yote, dada atashuka huku anakunywa uji."

Kesho yake nikapanda metro kwenda soko la vipuri. Nina muuzaji wangu pale, mwanamke wa rika langu, tumeanza naye nywele zikiwa nyeusi. Kila mwenye duka hapa tunamwita laoban, yaani bosi, na huyo ndiye laoban wangu. Tunaongea kwa Kichina changu kibovu, Kiingereza chake kibovu, na vidole. Nilimwonyesha picha za fundi. Akaitazama ile kalipa, akaitikia kwa kichwa kwamba ipo, akapotea nyuma ya makabati, akarudi nayo pamoja na diski mbili mpya, zimepakwa mafuta zisishike kutu, kila moja ndani ya mfuko wake. Zilikuwa nzuri. Wallahi zilikuwa nzuri.

Hapa sina budi kueleza jambo moja kuhusu sisi watu wa kago. Sisi hatuangalii kitu, tunakinyanyua. Mtu mwingine akipewa kiatu atatazama soli, atanusa ngozi. Sisi tunakipima mkononi kwanza, kwa sababu kila kinachokwenda uwanja wa ndege wa Baiyun kinakwenda kwa kilo, na miaka ikipita mkono wenyewe unageuka mizani. Nimeona wanawake wa Kariakoo wakinyanyua koti la mtoto na kulirudisha kabla hawajaliona rangi. Na katika soko lile nimejifunza maneno machache ya Kichina vizuri kuliko yote: hili ni ghali, punguza, na lile la tatu ambalo kila Mswahili hapa analijua, nyepesi hakuna?

Nikainyanyua ile diski. Nzito. Mdomo ukasema wenyewe, bila kuniuliza, "Nyepesi hakuna?"

Laoban akanitazama. Si kwa muda mrefu, lakini alinitazama. Akauliza, "Hii za nani?"

Na hapo pia nina la kueleza. Sokoni hapa usiseme kamwe kwamba kitu ni chako mwenyewe. Ukisema ni chako, wewe ni mteja wa kimoja, utauziwa kama mtalii. Unasema za duka. Chupi ya kuvaa mwenyewe, unasema za duka. Dawa ya mswaki ikiwezekana, za duka. Nikamjibu bila kufikiri, "Za duka. Za wateja."

"Aa," akasema. Akazirudisha zile nzuri kwenye mifuko yao, akaenda, akarudi na nyingine mbili. Boksi lilelile, sura ileile, mapezi yaleyale katikati. Nikazinyanyua, nikafurahi. Nilifurahi! Nilijiona mjanja, mtu aliyekula chumvi nyingi ya soko. Nikachukua na pedi, hozi zenye nyuzi za chuma, mafuta ya breki makopo mawili, nikaondoka kifua mbele.

Mama wa kago, Mzanzibari anayetukusanyia mizigo, alizivua maboksi kama kawaida yake, maana boksi nalo lina kilo. Akazifunga moja moja ndani ya kanga na kuzipenyeza katikati ya robota la nguo za watoto. Alipozitia kwenye mizani akanicheka: "Ehe, leo umekuja mwepesi, baba. Siku hizi unauza mabawa?" Nikacheka naye.

Mzigo ulifika, fundi akafunga. Siku ya kwanza mdogo wangu alinipigia akiwa Mombo, anapiga kelele kama mtoto. "Kaka, zinakamata! Nimegusa kidogo tu, mkoba ukaruka kwenye kioo!" Basi nikatembea na sifa hiyo mji mzima. Kwenye mgahawa tunaokula pilau mchana niliwaeleza watu kuhusu mapezi ya diski hadi mmoja akahama meza. Nilijisikia mtu. Baba yetu hayupo, shemeji hayupo, mimi ndiye niliyebaki wa kumsimamia, na nimemsimamia nikiwa bara lingine.

Haikupita wiki mbili akanipigia tena, safari hii kwa ile sauti yake ya bandeji. Usukani unatetemeka akishika breki chini ya mteremko. Harufu imerudi. Jana pedeli ilizama nusu. Na fundi amemwambia asitumie gari mpaka aongee na mimi.

Asitumie gari? Ebo! Nilimpigia huyo fundi. "Shikamoo, kaka mkubwa," akasema. Sikuitikia. Nilimuuliza alikaza nati kwa mkono au kwa meno. Nilimuuliza kama alitoa upepo kwenye hozi, au alidhani upepo utatoka wenyewe kwa aibu. Alinijibu swali moja baada ya jingine, taratibu, ndiyo kaka, nilifanya kaka. Kisha akasema, "Kaka mkubwa, samahani. Kila diski pembeni ina namba imegongwa, kima cha mwisho cha unene. Ikiliwa mpaka hapo, inatupwa."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana kaka. Ila nimezipima zako. Nimezipima zikiwa zimetumika siku chache tu, na ziko chini ya hiyo namba kwa mbali. Pedi haiwezi kula kiasi hicho. Nadhani zilikuja hivyo. Zimezaliwa zikiwa za kutupwa."

Nisikilize, nilichosema hapo sitakiandika chote. Nilimwita fundi wa spana moja. Nilimwambia nilikuwa nauza diski yeye bado anafukuza tairi kwa kijiti. Nilimwambia anataka kumuuzia mdogo wangu makapi ya gereji yake na ndiyo maana anachafua mali yangu. Mtu mzima, baba wa watoto, akanisikiliza mpaka mwisho na kusema, "Haya kaka. Nimekusikia." Nikakata, nikampigia mdogo wangu, nikamwambia asimsikilize. "Endesha gari lako. Huyo ana njaa zake."

"Haya, kaka," akasema.

Nilivimba wiki nzima. Asubuhi moja nikaamka na wazo la kumkomesha. Stoo kwangu nilikuwa na maboksi kadhaa ya diski za aina hiyohiyo, nyepesi, oda ya mwenye duka mmoja wa Kariakoo, zikisubiri kontena la bandari ya Nansha, ambako vyuma navyo hutozwa kwa uzito. Nikasema nitaipima moja, nipige picha ya kipimo, nimtumie fundi, nimalize kazi. Nikaazima kipimo cha chuma kwa jirani anayeuza zana, nikafungua boksi jipya kabisa, nikapima.

Nikapima tena. Nikasema kipimo hiki kibovu, maana jirani yule vitu vyake navijua, nikarudi kuazima kingine. Kikasema vilevile. Namba ilikuwa imegongwa pale pale ubavuni, wazi, kama fundi alivyosema, na diski ile mpya, haijawahi kuona barabara, ilikuwa imeshavuka mpaka wa kutupwa. Nikafungua boksi la pili na la tatu. Zote zilikuwa vilevile.

Hasira iliyonipanda, jamani! Sikungoja lifti. Nilishuka ngazi na magoti yangu, diski mkononi, nikapanda metro nayo hivyohivyo, abiria wananitazama. Nilipofika kwa laoban niliitua mezani hadi kikombe chake cha chai kikamwagika. Nikamwaga yote niliyonayo, Kichina, Kiingereza, Kiswahili, na Kisambaa cha bibi yangu. Muuaji! Mnatuuzia makopo! Mnadhani watu wetu hawafi? Wauzaji wa jirani wakatoka kutazama.

Alifuta chai kwanza. Hakupaza sauti. Aliichukua ile diski na kuikalisha kando, akaingia nyuma, akaleta ile nyingine, nzito, akaziweka sambamba. Kwa jicho tu, ukiziweka hivyo, mtoto angeona tofauti. Akagusa nzito. "Hii ya kiwanda." Akagusa nyepesi. "Hii ninyi."

"Ninyi nani?"

"Ninyi. Kilo, kilo, kilo. Kila siku nyepesi, nyepesi. Mimi nauliza kiwanda, kiwanda kinakata. Mwaka wa kwanza kinakata kidogo. Ninyi mnasema bado nzito." Akaninyooshea kidole, bila ubaya, kama mtu anayekukumbusha siku ya harusi yako. "Wewe, rafiki, wewe wa kwanza kuomba."

Nilitaka kukataa. Nikakumbuka. Ilikuwa miaka mingi nyuma, meza hiyohiyo, na nilikuwa na mzigo mkubwa wa diski za teksi, na nilimwomba aongee na kiwanda kizipunguze uzito.

"Lakini hizi zilikuwa za dada yangu!" nikasema.

Akashtuka kweli. Nilimwona. Akaweka mkono kifuani. "Mimi nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza za nani. Wewe ukasema za duka."

Nikatazama saa ya ukutani pale dukani. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana. Saa sita ya hapa ni saa moja asubuhi ya Lushoto, na saa moja asubuhi ndipo mdogo wangu anapowasha gari. Nikatoa simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Akiwa anaendesha hapokei, ni mimi niliyemfundisha hivyo, ni mimi niliyemfokea siku aliyopokea akiwa kwenye kona. Nikampigia fundi. Hakupokea naye, na kwa nini apokee?

Laoban alinivutia kiti. Nilikaa pale saa nzima na ushei. Aliniwekea maji ya moto kwenye kikombe cha karatasi, na wateja walipokuja aliwahudumia kwa sauti ya chini kama watu walio msibani. Nilimuona mdogo wangu kwenye kila kona ninayoikumbuka. Nilimuona anakanyaga, anakanyaga, na pedeli inazama, na kichwani anajisemea kwamba kaka yake yuko Uchina na anavijua vitu hivi. Nilikuwa nimemwambia aendeshe! Si kwamba sikujua tu. Niliambiwa na fundi, nikamtukana aliyeniambia, nikamwamuru mdogo wangu apande gari.

Simu ikalia. "Kaka, kuna nini? Nimekuta umepiga mara kumi na sita."

"Uko wapi?"

"Nimefika kazini. Nafunga gari hapa."

Nikasema, na nilisema yote, maana ningepunguza neno moja nisingeweza tena kumtazama usoni. Nilimwambia diski ni mbovu, fundi alisema kweli, na mimi ndiye niliyeziomba ziwe hivyo. Nikamwambia aliache gari hapo hapo asiliguse.

Akasikiliza. "Kaka," akasema, "hizo diski hazimo kwenye gari. Fundi alizitoa siku ileile uliyomtukana. Alirudisha zile za zamani. Nashuka kwa gia ya kwanza tangu juu mpaka chini, malori ya kabichi yananipigia honi. Nachelewa kazini kila siku, lakini nafika."

"Mbona hukuniambia?"

"Fundi aliniomba nisikwambie. Alisema utajisikia vibaya, kwamba umezitoa mbali na umehangaika. Akasema tutafute namna ya kukwambia polepole."

Nilifunika uso kwa kiganja, pale dukani, mbele ya Wachina. Mtu niliyemwita fundi wa spana moja.

"Halafu kaka," akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa ya bandeji tena, ilikuwa ya mtu anayeuliza tu. "Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Hao unaowaletea kila siku."

Nikamwambia nitampigia baadaye.

Nilinunua zile nzito siku hiyohiyo. Laoban hakutaka kupatana, alizitoa kwa bei ambayo sikuitegemea, na akazifunga mwenyewe, akaandika kwa kalamu nene juu ya boksi neno la Kichina ambalo mama wa kago alinisomea: familia. Mama wa kago akanyoosha mkono kuzivua boksi. Nikamwambia asiguse. "Zitakwenda na boksi, na mfuko, na mafuta yake ya kutu. Pima vyote." Akanitazama kana kwamba nina homa. Akapima.

Nilimpigia fundi. Niliitikia shikamoo yake kwanza, halafu nikamwomba radhi, na ni kazi ngumu kuliko kubeba injini. Akasema, "Yameisha, kaka mkubwa. Diski zikija nitazipima tu, usinichukie." Zilipofika alizipima. Akazifunga, akabadilisha mafuta upya, akamwambia mdogo wangu ashuke siku tatu bila haraka ili pedi zizoeane na diski. Siku ya nne alishuka kama wenzake. Alinitumia ujumbe mfupi tu: hakuna harufu, usukani umetulia, pedeli iko juu. Niliusoma mara nyingi.

Ningeweza kuishia hapo na kulala vizuri. Lakini yale maboksi yalikuwa bado stoo kwangu, yamepangwa mpaka usawa wa dirisha, na kila nikiingia kuchukua kitu nilikuwa nayapita kwa ubavu. Na lile swali lilikuwa bado halijajibiwa. Basi mchana mmoja nikakaa juu ya ndoo na kumpigia mwenye oda, yule mwenye duka wa Kariakoo. Mtu wa utani sana, tumefanya biashara miaka, watoto wake nawajua kwa majina. Nikamweleza kwamba nimepima, kwamba diski hizi hazifai hata kwa siku moja, na kwamba nitampelekea za kiwanda, zile nzito, na tofauti ya kago nitaibeba mimi.

Akacheka. "Acha masihara, mzee. Nzito nani ananunua? Hizo nyepesi ndizo zinazotoka. Niletee zilezile, na kama kuna nyepesi zaidi, niambie."

"Ndugu yangu, zinaua watu hizi."

"Mbona zimeuzwa siku zote?"

Nikapandisha hasira. Nilimpandishia kuliko nilivyompandishia laoban, kuliko nilivyompandishia fundi. Nilimwambia kuna watu wanashuka milima na vitu hivi, kuna mabasi ya shule, kuna mama za watu. Nilipiga kelele mpaka jirani wa zana akagonga ukuta. Akaniacha nimalize. Halafu, kwa sauti ya kunibembeleza, kama unavyombembeleza mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, akasema:

"Sasa wewe hasira za nini? Kwani anayeendesha ni dada'ko?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni dada yangu."